Baba ameniita mwana wa Liyongo

Ami, shikamuu. Nakuandikia kwenye safu yako unishauri.

Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu, umri wangu miaka 26, sijaoa. Baba ni mvuvi na nahodha, na babu kabla yake alikuwa nahodha. Kutweka tanga, kushona nyavu, kutega madema, kukalafati mashua, yote nimefunzwa na yeye. Sina kaka wala mdogo wa kiume, na dada zangu wameolewa. Kwa hiyo ukimsikia baba akisema "sisi", ujue anamaanisha yeye na mimi.

Kisa changu kina mambo mawili yaliyoshikana, nisamehe nikikuchanganya. La kwanza ni tamthilia.

Rafiki yangu aliniletea kwenye fleshi tamthilia ya Marekani iitwayo Battlestar Galactica, ile iliyoonyeshwa kati ya mwaka 2003 na 2009. Ni hadithi ya angani. Wanadamu wanaishi kwenye sayari kumi na mbili, kisha mashine walizoziunda kwa mikono yao, ziitwazo Cylon, zinawarudia na kuwafyeka. Wanaobaki ni watu hamsini elfu hivi, wamejazana ndani ya msafara wa vyombo, wakilindwa na merikebu moja kuukuu ya kivita. Nilidhani baba atacheka aende zake akalale. Akakaa. Kiingereza anakielewa, watalii amewabeba sana. Kilichomkamata ni ile merikebu. Ilikuwa istaafishwe siku ile ile ya mashambulizi, igeuzwe makumbusho, na ikaokoka kwa sababu ni ya kizamani: kompyuta zake hazikuunganishwa moja na nyingine, adui hakupata pa kupenyea. Baba alipiga paja. "Waona? Chombo cha kale hicho!" Tena mkuu wa merikebu, William Adama, ana kimerikebu cha matanga chumbani mwake anachokiunda kwa mkono. Hapo ndipo baba aliponogewa kabisa. Ikawa baada ya Isha mama anatuletea chai ya tangawizi, tunakaa sisi wawili mpaka umeme ukatike au usingizi utushinde.

Adama ana mtoto, Lee, naye ni rubani wa vita. Tangu mwanzo hawaivi. Mdogo wake Lee, Zak, alikufa kwenye mafunzo ya urubani, na Lee anamlaumu baba yao kwa kumsukumia kazi isiyokuwa yake. Baba yangu alikuwa upande wa Adama, mimi upande wa Lee, na tulikuwa tukibishana kwa mzaha. Mzaha ukapungua kidogo kidogo. Mwisho wa msimu wa kwanza Adama anaamuru Rais Laura Roslin akamatwe, na Lee, aliyetumwa akasaidie kumkamata, anamwekea bastola kichwani Kanali Tigh, naibu wa baba yake. Usiku ule baba hakulala vizuri, mama ndiye aliyenambia.

La pili ni bandari. Unajua gati la kwanza la Bandari ya Lamu, kule Kililana, lilifunguliwa Mei 2021. Baba alikuwa miongoni mwa wavuvi waliolalamika tangu uchimbaji ulipoanza. Kesi yao ilipokuwa ikisikilizwa Malindi alikuwa akipanda basi kwenda kukaa nyuma ya chumba cha mahakama na kusikiliza. Hataki kulisikia jina la bandari ile, na meli ikipita huigeuzia uso.

Nami nikaenda Mombasa kusomea ubaharia. Ada alilipa yeye, aliuza injini ya boti. Alikuwa na ndoto kwamba nitapanda meli za ng'ambo. Sasa nimepata kazi kwenye tagi, yale maboti yenye nguvu yanayovuta meli na kuziegesha gatini, na gati lenyewe ndilo hilo la Kililana. Fomu nilijaza kimya, na kwenye mahojiano nilikwenda kimya, nikiaga nyumbani kuwa navuka Mokowe kumtazama rafiki. Nilitaka nimwambie nikishapata. Ningemwambia kabla angenikataza, na lau ningeikosa ingekuwa tumegombana bure.

Sasa siku moja tumefika kwenye kesi ya Gaius Baltar, mwisho wa msimu wa tatu. Huyu Baltar alikuwa rais, akawasalimisha watu wake kwa Cylon, anashtakiwa uhaini. Lee anajiunga na wakili wa kumtetea, baba yake anamghadhibikia, wanaambiana maneno mazito, Lee anavua alama zake za urubani na kuacha jeshi. Baba akasema, "Huyu hana asili." Nikajibu, "Huyu ndiye mwanamume wa pekee humo ndani." Akanitazama. Akainuka, akazima runinga, akauliza polepole: "Na wewe ulikuwa unanambia lini?"

Kumbe alikwisha kujua. Tuna kundi letu la WhatsApp, vijana wa mtaani. Nilipopata kazi niliwaeleza, wakanipongeza, na katika kutaniana nikatuma sauti kwamba wazee wetu wanataka tule heshima badala ya wali. Mmoja akaipeleka kwingine, mwisho ikafika dakani, kwenye baraza la mlangoni anapokaa baba na wenziwe. Hayo naona ni madogo, kila kijana husema.

Ami, unajua aliniambia nini? "Umekuwa mwana wa Liyongo." Tangu hapo salamu yangu huijibu kwa kuguna. Baharini anakwenda na mtoto wa jirani. Mama analia jikoni akidhani hatumsikii.

Kesi ile nimeimalizia kwenye simu peke yangu. Adama alikuwa mmoja wa majaji watano, na alipiga kura Baltar aachiliwe! Nataka baba aione sehemu hiyo, aone kuwa hata Adama mwisho wake aliona haki iko wapi. Mama asema nisithubutu. Nijibu, Ami: Lee alimsaliti baba yake? Mimi ni msaliti? Na kazi naanza tarehe mosi. Niahirishe mpaka baba atulie?

Mwana wa Nahodha, Langoni, Lamu

*

Marahaba, mwanangu.

Tamthilia hiyo nimeitazama, na mjomba wako mmoja na mimi tulikosana karibu tusizungumze kwa sababu ya Baltar, basi usidhani kwenu ndio wa kwanza. Lakini kabla ya kwenda angani tubaki kwanza hapa hapa pwani, kwa sababu neno zito katika barua yako halikutoka Marekani.

Baba yako hakuokota tusi ovyo. Mtu wa Lamu akimwita mwanawe mwana wa Liyongo amekwisha kupita matusi yote mengine. Ninyi vijana mnakijua kisa kwa juu juu, nami sitakirudia chote, kipo katika utenzi aliouandika Muhammad Kijumwa wa hapo hapo Lamu mwaka 1913 na wazee wanaukariri. Mfalme wa Pate alimwogopa Fumo Liyongo, silaha hazikumfanya kitu. Basi wakamwendea mwanawe, wakamwahidi mali na kumwoza binti wa mfalme, akaulize baba yake hufa kwa nini. Kijana akaenda, akauliza kwa sauti tamu, kama mtoto anayemhofia mzazi wake. Liyongo alihisi, na bado akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Kijana akasubiri baba alale.

Sasa angalia vizuri huyo mwana alimkosea baba yake wapi. Hakumpinga hata siku moja. Laiti angempinga! Laiti angesimama mbele yake akamwambia, "Baba, mimi nataka binti wa mfalme, nawe umenizibia njia." Wangegombana, nyumba ingewaka moto, na Liyongo angekuwa hai. Alichofanya ni kula naye, kulala naye, kumwitikia labeka, na sindano ameifunga kwenye shuka.

Kwa hiyo baba yako amekuonea. Kuchukua kazi si kuchoma mtu kitovu. Hakuna mfalme aliyekutuma, hukuuza siri ya mzee wako, umekwenda kutafuta riziki kwa elimu ambayo yeye mwenyewe aliilipia. Lakini amekuonea nusu tu, na nusu iliyobaki nitakuambia bila kuipaka asali. Zile safari za kuvuka Mokowe "kumtazama rafiki", ukirudi jioni unakaa naye kunywa chai ya tangawizi na kumbishia habari za Lee, hapo ndipo alipoona shuka na kilichofungwa ndani yake. Unasema ungemwambia angekukataza. Hilo linawezekana, na ungekuwa na haki ya kuendelea baada ya kukatazwa, umri wako ni miaka 26. Ulichomnyima ni nafasi ya kukataza.

Na ajabu kubwa, mwanangu, ni kwamba hili ndilo hasa lililompeleka baba yako Malindi. Umeandika alikwenda kusikiliza kesi, kisha ukapita haraka. Mimi sipiti. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kuwa haki za wavuvi wa Lamu zilivunjwa na mradi ule, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Na katika haki zilizotajwa haikuwa samaki tu. Ilikuwa pia haki ya kuarifiwa na kushirikishwa kabla. Wenye mradi waliamua, wakapanga, wakaja kuchimba, na mwenye bahari akaambiwa jambo limekwisha. Baba yako alikaa nyuma ya chumba kile mpaka akasikia jaji akisema kwamba kufanyiwa hivyo si haki. Akarudi nyumbani, na miaka kadhaa baadaye mwanawe wa pekee akaamua, akapanga, akajaza fomu, na yeye akaja kuambiwa jambo limekwisha. Tena hakuambiwa na wewe. Aliambiwa dakani, mbele ya wenziwe, na simu ya mtu mwingine.

Wewe unaliona gati, na mshahara ulio juu ya gati. Yeye anaona miezi ya kusi. Kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, kusi likivuma, mashua ndogo haiwezi kutoka nje ya visiwa, mawimbi yataivunja. Mvuvi asiye na chombo kikubwa hubaki ndani, kwenye ghuba ya Manda na mikondo iliyokingwa na visiwa na mikoko, na huko ndiko alikopata cha kulisha watoto mpaka kaskazi lirudi na bahari itulie. Ndani humo ndimo walimochimba ili meli kubwa zipite. Kwa hiyo msimu mbaya umebaki palepale, ila ghala lake limefungwa. Wewe umelelewa na samaki wa kusi. Mahitaji yako ya shule ya msingi, wallahi, yalitoka mule. Simwambii mtu kuwa bandari ni haramu, zipo nyumba Lamu zinazopika kwa mshahara wa bandari na ni za watu wema. Nakwambia tu kwamba mzee anapoigeuzia meli uso, usidhani ni ukaidi wa uzee au mapenzi ya vitu vya kale. Anajua anachokikumbuka.

Sasa Lee.

Umeuliza kama alimsaliti baba yake. Mimi nasema hapana, na ushahidi wangu hautoki kwenye kesi ya Baltar unayoipenda. Ile bastola kwa Tigh: aliishika hadharani, mbele ya askari, akasema kwa kinywa chake kwamba hatashiriki kumpindua rais halali. Roslin akajisalimisha ili damu isimwagike, Lee akafungwa pingu. Akiwa na pingu zile mikononi ndipo alipomwona baba yake akipigwa risasi na rubani mmoja wa merikebu, akamkimbilia. Hakuna sindano hapo. Baba alijua mwanawe amesimama wapi, na alijua kwa kuambiwa usoni.

Lakini kuna kitu kilichofuata ambacho nadhani kimekupita, na kwangu mimi ndicho kiini cha habari ya wawili hawa. Lee anatoroka pamoja na rais. Wako mafichoni, wamezungukwa na watu wanaompinga baba yake, na yupo mwanasiasa mmoja, Tom Zarek, anayejua thamani ya jina la Adama. Anataka Lee arekodi ujumbe wa kumkana baba yake, usambazwe kwenye vyombo vyote. Kijana wa watu anakaa mbele ya chombo cha kurekodia, anaanza kusema, anafika katikati, anaacha. Hawezi. Fikiri: huyu ni mtu aliyekwisha kuasi amri, kufungwa na kutoroka. Kumpinga baba yake ameweza. Kumtangaza vibaya kwa watu, wakati baba mwenyewe hayupo kujibu, kukamshinda. Akasimamisha.

Wewe, mwanangu, hukusimamisha. Ulibonyeza ikaenda.

Ndiyo sababu siwezi kukubali maneno yako kwamba "hayo ni madogo". Katika barua nzima hilo ndilo kubwa, nawe umelificha katikati ya aya kama mtu anayeficha samaki aliyeoza chini ya wazima. Kila kijana husema, kweli, nasi tulisema. Tulisema ufukoni usiku, upepo ukachukua. Sauti yako imehifadhiwa kwenye simu za watu usiowajua, na mzee wako ameisikia ikichezwa mahali anapoheshimiwa. "Tule heshima badala ya wali." Aliyeuza injini ya boti ili wewe usome ndiye unayemwambia hivyo.

Tena acha nikuondolee vazi lingine usiloshonewa. Unajifananisha na Lee wa kesi ya Baltar. Lee alimtetea mtu asiyempenda, mtu anayechukiwa na msafara mzima, kwa sababu aliamini kuwa sheria ikiwa ya wanaopendwa tu basi hakuna sheria. Alipoteza cheo na kazi, na kwa muda akampoteza baba. Wewe hujamtetea mtu na hujapoteza kitu, umepata ajira nzuri. Kupata ajira si dhambi, hongera, nimefurahi kwa dhati. Ila usimwendee mzee wako ukijiona shujaa wa haki. Mwendee kama kijana aliyepata kazi mahali panapomuuma baba yake. Ni jambo la kawaida kabisa na lina uchungu wake wa kutosha bila kuongezewa muziki wa tamthilia.

Na hapa nakuja kwenye lile la kumwonyesha kura ya Adama. Mama yako ana akili kukushinda. Usithubutu. Kwanza, Adama hakumpigia kura mwanawe. Alisikiliza ushahidi na hotuba, akaona Baltar ameonewa, akaamua hivyo, naye akabaki na machungu yake na Lee pale pale. Waliopatana walipatana baadaye, kila mmoja akiwa amekubali kuwa mwenziwe hatarudi alikokuwa: baba alitaka kumrudishia alama zake za urubani, mtoto akakataa kwa adabu, akaagwa kwa heshima za kijeshi na kwenda kwenye siasa. Pili, na hili ndilo kubwa, ninyi wawili mmekaa muda mrefu mkigombana kwa midomo ya watu wa runinga. Baba yako akisema Lee hana asili, alikuwa akikusema wewe, maana alikwisha kuijua habari ya kazi na alikuwa akikungoja ufungue kinywa. Nawe ukijibu kuwa Lee ndiye mwanamume pekee, ulikuwa ukijisifu mbele yake bila kujitaja. Adama na Lee wamewafanyia kazi yao, waacheni wapumzike. Ukimpelekea kura ile leo, utakuwa umemtuma tena mtu wa runinga akaseme badala yako.

Utafanya hivi. Kwanza lile kundi la WhatsApp. Hapo hapo ulipotuma sauti ya kwanza, tuma ya pili, kwa sauti yako, si kwa maandishi. Sema kwamba ulichosema juu ya wazee hakikuwa sawa, kwamba ada yako ilitoka kwenye mashua, basi. Usieleze ulikuwa unatania, usiseme "kama kuna aliyeudhika". Fupi. Na usiombe isambazwe. Itasambaa, Lamu hii.

Kisha mwendee baba, peke yake. Si ukumbini penye runinga, si dakani. Nenda kwenye mashua, wakati anaosha nyavu au anatazama mbao zinazotaka kalafati, mahali ambapo mikono yenu wote ina kazi na hakuna anayelazimika kumtazama mwenziwe machoni. Kumbuka Nabii Ibrahim alipokwenda kuhojiana na baba yake juu ya masanamu, na hilo ni gomvi kubwa kuliko la bandari: katika Surat Maryam kila alipofungua kinywa alianza na "ewe baba yangu", mara nne mfululizo, na baba alipomfukuza alimjibu kwa salamu. Msimamo hakuulegeza hata kidogo. Ukubwa wa sauti ndio alioupunguza.

Mwambie ulificha, na mwambie kwa nini: ulimwogopa. Mwambie tarehe mosi unaanza. Usimwombe ruhusa ambayo huna nia ya kuitii akikunyima, hiyo ni kumdanganya mara ya pili. Mwombe radhi yake. Halafu muulize habari ya ghuba kabla ya kuchimbwa, madema yalikuwa yakitegwa wapi, nani alikuwa jirani yake, na umsikilize mpaka mwisho hata kama atakutupia maneno katikati. Nadhani hujawahi kumuuliza. Ukikaa juu ya tagi utapita juu ya maeneo hayo kila siku, na itakuwa aibu wewe kuyajua kwa namba za kina tu.

Akikataa kuzungumza, usimgande. Rudi nyumbani, msalimie asubuhi kama kawaida, mwache agune. Kuguna ni jibu. Baada ya hapo ndipo umtume ndugu wa baba yako au mzee mmoja wa msikiti wake, lakini si kabla, kwa sababu ukitanguliza mtu atasema tena ameletewa habari zako na wengine.

Nina neno na baba yako pia, kwa kuwa safu hii husomwa madakani na atafikishiwa. Sheikh wangu, uliuza injini ili mtoto ajue bahari kwa njia nyingine. Ameijua. Anayeegesha meli kwenye mkondo wa Lamu, usiku, kusi likivuma, ni baharia, na aliyemfunza kuusoma upepo kabla ya chuo chochote ni wewe. Hasira ya kufichwa ni haki yako na sikuombi uiache upesi. Lakini lile jina liondoe. Mjini kwetu jina la utani likishashika humfuata mtu mpaka kwa wakwe, na mwana wa Liyongo si jina la kumwachia kijana ambaye hajaoa. Na yule Adama uliyempenda, usisahau kilichomtafuna miaka yote. Lee alimtupia mzigo wote wa Zak, na hapo Lee alimwonea, maana baadaye ilikuja kujulikana kuwa mwalimu wake mwenyewe, Kara Thrace, alimpasisha Zak asiyestahili kwa sababu alimpenda. Hata hivyo nadhani Adama alijua kuna jambo hakumuuliza Zak alipokuwa hai: kama kazi ile aliitaka yeye au aliitaka baba yake. Wewe wako yuko hai, tena yuko chumba cha pili.

Kuhusu tarehe mosi: nenda, usisogeze hata siku moja. Ukiahirisha utapoteza kazi, halafu utamlaumu yeye kimoyomoyo mpaka azeeke, na hilo yeye hakuliomba. Siku ya kwanza waulize jinsi zamu zinavyopangwa, uandike siku zako za mapumziko kwenye karatasi, na umpelekee baba karatasi hiyo ajue ni siku zipi anaweza kukuhesabia kwenye mashua. Yule mtoto wa jirani amlipe vizuri, asimfukuze. Siku zako nyingine atamhitaji.